Siku Moja Kufuata Maji ya Mlima Elgon, kutoka Makingeny hadi Nabuyole

Watu wengi wa magharibi mwa Kenya huuona Mlima Elgon karibu kila asubuhi isiyo na mawingu, na wengi wao huishi hadi uzeeni bila kuukanyaga. Ukiwa Bungoma au Kimilili unauona kaskazini. Ukiwa Kitale unauona upande jua linakotua. Hauna vilele vilivyochongoka kama vya Mlima Kenya wala theluji kama ya Kilimanjaro, na kwa kuwa unainuka taratibu sana kutoka uwandani, jicho huudhania kuwa ni mgongo mrefu wa kilima. Naamini hiyo ndiyo sababu umepuuzwa kiasi hiki. Ukweli ni kwamba mlima huu, ambao Wabukusu na ndugu zao wa upande wa Uganda huuita Masaaba, una kitako chenye upana wa kilomita 80 hivi, na ulianza kutema moto zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, wakati Kilimanjaro na Mlima Kenya havijakuwapo kabisa. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko Uganda na kina mita 4,321. Upande wetu tuna Koitoboss, chenye karibu mita 4,200. Katikati ya vilele hivyo kuna kaldera, yaani bonde la duara lililobaki baada ya kichwa cha volkano kudidimia, lenye upana wa takriban kilomita nane.

Ninafundisha Jiografia Webuye, na hayo yote nimekuwa nikiyaandika ubaoni kwa chaki. Nilichokuja kukielewa kwa miguu yangu ni jambo ambalo ubao hauwezi kulionyesha: kwamba mlima huu ni maji kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na kwamba siku moja tu, ukiwa na mtu wa pale anayeujua, inatosha kukuonyesha maji hayo yakizaliwa, yakifanya kazi, na yakiharibika njiani kabla hayajafika kwetu. Kwa hiyo makala haya hayahusu mandhari peke yake. Mandhari yapo, tena ya kumfanya mtu mzima anyamaze, lakini ninataka kueleza kilichomo ndani yake.

Safari yenyewe tuliifanya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, chini ya chama chetu cha walimu ambacho kwa kawaida hukutana kwa habari za akiba na matanga. Mwenzetu mmoja, mwalimu mkongwe wa Kiswahili ambaye sote tunamwita Mama, ndiye aliyetoa shauri kwamba mwaka huo tusigawane pesa zote za mwisho wa mwaka, bali tutenge sehemu ndogo twende tukauone mlima. Tulikodi matatu, na kupitia jamaa wa mmoja wetu anayeishi Endebess tukampata mwongozaji, mwanamume wa makamo wa jamii ya Wasabaot aliyezaliwa chini ya msitu huo na ambaye amekuwa akipeleka wageni mapangoni tangu ujana wake.

Lazima niseme hapa kwamba hapakukosekana waliosita. Kati ya mwaka 2006 na 2008 sehemu za Mlima Elgon zilipitia mauaji na uhamisho wa watu uliotokana na mgogoro wa ardhi, kundi la wapiganaji lililojiita Sabaot Land Defence Force (SLDF) likiwa upande mmoja na baadaye jeshi likiingia kwa operesheni kubwa. Aliyekuwa mtu mzima Bungoma wakati huo hasahau. Hofu ya namna hiyo hubaki mioyoni muda mrefu baada ya risasi kunyamaza, na nadhani ndiyo iliyowafanya wazazi wengi wa rika langu wasiwapeleke watoto wao huko. Mama aliwajibu waliosita kwa upole kwamba wenyeji wenyewe ndio wanaotukaribisha, na kwamba kumkwepa jirani milele si kumpenda. Hapo mjadala ukaisha.

Tuliondoka Webuye kabla ya mapambazuko, vilima vya Chetambe vikiwa bado kivuli tu upande mmoja wa barabara. Huko Chetambe, mwaka 1895, Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza wakiwa ndani ya ngome yao ya udongo, na kila ninapopita na watu wasiolijua jambo hilo huwa nalitaja. Baada ya Kamukuywa na Kiminini kulipambazuka, na tukaingia katika nchi ya mahindi. Trans Nzoia ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Machi au Aprili hadi Novemba hivi, kwa hiyo Desemba ni mwezi wa kuvuna na kukausha. Kando ya barabara turubai zilikuwa zimetandazwa zikiwa na mahindi yaliyopukuchuliwa, matrekta yalikuwa yakivuta magunia kuelekea Kitale, na juu ya hayo yote, upande wa kushoto, mlima ulikuwa umeanza kushika rangi ya samawati. Nilitambua, nikiwa nimebanwa kati ya dirisha na kikapu cha viazi vitamu, kwamba mvua inayoyalisha mahindi hayo na mlima ule haziwezi kutenganishwa.

Kitale tulisimama kunywa chai tu, kisha tukashika barabara ya Endebess. Lango la Chorlim, ambalo ndilo mlango mkuu wa Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon upande wa Kenya, haliko hata kilomita thelathini kutoka mjini. Mbuga hiyo ilitangazwa rasmi mwaka 1968, ina eneo la kilomita mraba 169, na husimamiwa na shirika la huduma kwa wanyamapori, KWS. Malipo ya kuingia hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali ya huduma na malipo, kwa hiyo anayekwenda afadhali ayamalize nyumbani kwenye mtandao ulio imara. Langoni tulimkuta mwongozaji wetu akitusubiri pamoja na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa kuwa msitu huo una nyati na ndovu, na mtu haruhusiwi kutembea kwa miguu kiholela.

Kabla hatujapiga hatua, mwongozaji alitukusanya chini ya mti akatupa masharti yake. Tutembee kwa mstari mmoja, yeye mbele na askari nyuma. Asiwepo wa kupiga kelele wala kurusha kitu. Mapangoni tusishike kuta wala kinyesi cha popo, na tutakapotoka tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Kisha akasema neno lililonifanya nimheshimu papo hapo. Alisema, "Walimu, leo mimi ndiye mwalimu, na somo ni moja tu: tutafuata maji. Kila nitakaposimama, angalieni kwanza maji yako wapi, ndipo muulize."

Alisimama kwa mara ya kwanza mahali ambapo sisi hatukuona kitu. Tulikuwa ndani ya msitu wa miti mikubwa, mipodo na mierezi ambayo huku wengi huiita tarakwa, pamoja na miti mirefu ya jamii ya mzeituni iliyo mashuhuri kwa mbao zake ngumu, vigogo vikiwa vimevishwa kuvu na ndevu za kijani. Mbega walikuwa wakiruka juu yetu, manyoya yao meupe yakipepea nyuma yao kama shuka, na bila shaka macho yetu yote yalikuwa kwao. Mwongozaji aliwaacha wapite, kisha akachutama, akafukua majani makavu kwa vidole, akachota konzi ya udongo mweusi uliokuwa chini yake na kuufinya. Yalitoka matone. Mvua, alisema, ilikuwa haijanyesha kwa siku kadhaa. Alitueleza kwamba tone la mvua likianguka hapa hukutana na jani la juu, kisha jani la chini, kisha kuvu, kisha tabaka hili la majani yanayooza, na linapofika kwenye udongo limeshapoteza nguvu zote za kuchimba. Huzama taratibu, hukaa humo, na hutoka chini ya mteremko baada ya muda mrefu likiwa chemchemi. Ng'oa miti, na tone lile lile litapiga ardhi kwa kishindo, litabeba udongo, na litafika mtoni jioni hiyo hiyo. Nimewahi kufundisha mzunguko wa maji kwa wanafunzi zaidi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka, lakini sijawahi kuwa na kifaa cha kufundishia kilicho bora kuliko ile konzi ya udongo.

Pango la Makingeny tulilisikia kabla ya kuliona. Njia huteremka kidogo kati ya vichaka, hewa hubadilika kuwa baridi na yenye unyevu, na mara msitu unafunguka mbele ya ukuta wa mwamba wenye mdomo mkubwa mweusi, na mbele ya mdomo huo maji yanaanguka kutoka ukingo wa juu kama pazia jembamba. Si maporomoko makubwa. Anayetaka kishindo atakikuta kwingine. Lakini sijapata kuona mahali ambapo maji, mwamba na giza vimekaa pamoja kwa uzuri namna hiyo: ukisimama ndani ya pango ukatazama nje, msitu mzima unauona kupitia maji yanayoanguka, na jua linapopenya hugawanyika vipande vipande. Wenzangu walitoa simu. Mama hakutoa yake. Alikaa juu ya jiwe akatazama tu, na baadaye aliniambia kwamba amefika umri wa kuchagua kati ya kupiga picha na kuona.

Mwongozaji alituachia muda wa kutosha, na hilo nalo ni ustadi. Kisha akatuuliza: kwa nini pango liko hapa hasa, chini ya maji? Alitaka tuangalie ukuta. Ukingo wa juu ambapo maji huanzia kuanguka ni mwamba mgumu. Chini yake kuna tabaka laini zaidi la majivu na vipande vya mawe vilivyotapikwa na volkano kisha vikashikamana. Maji yakianguka, unyevu wake hulila lile tabaka laini kutoka chini, mwamba mgumu hubaki ukining'inia kama paa, na kidogo kidogo uwazi unaingia ndani. Kwa hiyo mapango haya hayafanani na yale mashimo marefu yanayoachwa na uji wa volkano, kama baadhi ya wageni wanavyodhani. Maji yaliuanza mlango. Waliouendeleza ni wengine, na kuziona kazi zao ilibidi twende pango la pili, Kitum.

Kitum huingia mlimani kiasi cha mita 200, na kinachosimuliwa kulihusu kingenishinda kukiamini kama nisingezigusa alama zake kwa macho. Ndovu wa Mlima Elgon huingia humo usiku, katika giza ambalo hata jicho la mnyama halina la kufanya, wakipapasa njia kwa mikonga yao, hadi kuta za ndani kabisa. Huko hutumia pembe zao kuchimba mwamba laini, huvunja vipande, huvisaga kwa magego na kuvimeza. Wanatafuta chumvi. Sababu yake ni maji tena: katika milima yenye mvua nyingi, chumvichumvi huoshwa kutoka kwenye udongo, majani yanayoota hapo yanakosa sodiamu, na mnyama mkubwa anayekula majani matupu lazima aitafute mahali pengine. Ndani ya mwamba wa majivu ya volkano imebaki. Mwongozaji alipeleka mwanga wa tochi yake ukutani, tukaona mifereji ya pembe, mmoja juu ya mwingine, mamia kwa mamia, mingine ikiwa laini kwa uzee na mingine ikiwa na rangi ya mwamba uliovunjwa karibuni. Vizazi vya ndovu vimelipanua pango hili kwa kulila. Kando kuna ufa mrefu sakafuni, na alituonya tusiukaribie, kwa maana ndama wamewahi kutumbukia humo gizani wasitoke tena.

Ndovu hawakuwa peke yao. Pongo na nyati pia huja kulamba, na watu wa mlima huu walikuwa wakichimba udongo huo wa chumvi kwa ajili ya ng'ombe wao. Tena baadhi ya mapango ya Elgon yalikuwa makazi: watu waliishi humo pamoja na mifugo yao, wakiwa salama dhidi ya baridi na maadui. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti aliyepita huku mwaka 1883, alikuta mapango yenye wakaaji na akastaajabu. Mwongozaji wetu hakustaajabu hata kidogo. Alisimulia habari hizo kama mtu anayesimulia boma la babu yake, akionyesha mahali ambapo moto ungewashwa na ambapo ndama wangefungwa, na nilimwona mwenzetu mmoja aliyekuja akidhani anatembelea tundu la wanyama akianza kutembea kwa adabu zaidi.

Kuhusu popo sipendi kupita haraka, kwa sababu ni jambo la uhai. Kitum kinajulikana ulimwenguni kwa sababu ya virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kutokwa na damu. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987, wageni wawili ambao miongoni mwa sehemu walizozuru lilikuwamo pango hilo waliugua homa hiyo wakafariki, na utafiti wa miaka iliyofuata katika nchi mbalimbali za Afrika umethibitisha kwamba popo wanaokula matunda na kulala mapangoni ndio wanaoifuga virusi hiyo. Hilo si sababu ya kulikimbia pango. Watu wengi wamelitembelea na kurudi salama. Ni sababu ya kuingia na mtu anayejua pa kukanyaga, ya kuvaa viatu vilivyofungika na barakoa, ya kutoshika chochote, na ya kutokaa ndani muda mrefu. Mwongozaji wetu alitufikisha mahali fulani, akasema hapa ndipo mwisho wetu, na hakushawishika na ombi la kijana mmoja aliyetaka kuendelea. Nilifurahi kuona mtu asiyetafuta bakshishi kwa kumridhisha mgeni.

Chakula tulikula mbali na mapango, mikono ikiwa imenawa, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha na chai ya tangawizi, kisha gari likatupandisha karibu na genge la Endebess, tukamalizia kwa miguu. Hapo ndipo mahali pa kutazama nchi. Ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, na chini yake tambarare ya Trans Nzoia imetandazwa hadi vilima vya Cherangani upande wa mashariki, mashamba yakiwa viraka vya manjano na kijani. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba ilibidi tuongee kwa sauti.

Mwongozaji alinyosha mkono upande wa kaskazini kwanza. Mto Suam, alisema, hutoka ndani ya kaldera yenyewe kupitia mwanya wa upande wa mashariki, hufuata mpaka wetu na Uganda, kisha hushuka katika nchi ya Wapokot ukiitwa Turkwel, ambako umezuiwa na bwawa la umeme lenye ukuta wa mita 153, na mwisho wake ni Ziwa Turkana. Kisha akageukia kusini. Vijito vya huku tuliko, pamoja na mto Koitobos, hukusanyika na kuingia Nzoia, ambao huteremka hadi Ziwa Viktoria na kwa njia hiyo hadi Mto Naili. Upande wa Uganda mito mingine hushuka kuelekea Ziwa Kyoga. Kwa hiyo mawingu mamoja yakimwaga mvua juu ya mlima huu, tone moja laweza kuishia jangwani Turkana na jirani yake likafika Misri. UNESCO iliitambua sehemu ya Kenya kuwa hifadhi ya bayosfia, yaani ya viumbe na mazingira yao, mwaka 2003, na sehemu ya Uganda mwaka 2005. Hayo ni mema, lakini nilipokuwa pale juu nilifikiri zaidi juu ya wanafunzi wangu wanaoteka Nzoia kwa mitungi bila kujua kwamba nusu ya hadithi yake iko hapa.

Naona hapa ndipo pa kusema kwa nini ninasisitiza mwongozaji wa pale pale. Nimewahi kwenda na wageni mahali pengine penye maporomoko mazuri, tukaongozwa na mtu aliyetupeleka moja kwa moja hadi ukingoni, akatupiga picha kwa zamu, akataja urefu wa maporomoko na kutuonyesha duka la vinyago. Tulirudi na picha nzuri na hatukujua chochote zaidi. Mwongozaji wa Elgon hakutuonyesha vitu vingi kuliko yule. Alituonyesha vichache kwa mpango, kila kimoja kikijibu swali lililoachwa na kilichotangulia, na alijua wakati wa kunyamaza. Kazi hiyo ni taaluma. Inastahili kulipwa bei iliyokubaliwa bila kupunguzwa mwishoni mwa siku, watu wakiwa wamechoka na wakitafuta pa kuokoa senti, na inastahili kupewa vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu kabla ya kupewa mtu wa mbali mwenye gari zuri. Kijana anayelipwa kwa kuuonyesha msitu ana sababu ya kutaka mierezi yake ibaki imesimama.

Tuliagana na mwongozaji na askari langoni alasiri, na tukashuka. Sasa macho yetu yalikuwa yamefundishwa, na safari ya kurudi haikuwa ile ya kuja. Karibu na msitu vijito vilikuwa vyeupe, unaona changarawe chini. Baada ya mashamba kuanza, hasa pale yalipolimwa hadi ukingoni mwa maji bila kuachiwa hata ukanda wa nyasi, maji yalianza kushika rangi ya chai. Kila daraja dogo kati ya Kiminini na Kamukuywa tulilivuka tukiwa tumeinua shingo kutazama, watu wazima waliozoea kulala kwenye matatu, na kila mara mmoja alitangaza rangi aliyoiona.

Niliomba dereva atupeleke Nabuyole kabla ya kuachana. Maporomoko hayo, ambayo enzi za ukoloni yaliitwa Broderick Falls na kuupa mji wetu jina hilo, yako kwenye Nzoia hapa hapa Webuye, na wengi wetu tumekua tukiyasikia kuliko kuyatazama. Mto unafika mpana, unakutana na ngazi za mwamba, unajigawa na kujirusha kwa ngurumo inayofanya kifua kitetemeke. Hapa hakuna pazia jembamba la Makingeny. Ni nguvu tupu, na rangi yake jioni ile ilikuwa ya udongo, kahawia iliyokolea, na povu lake nalo lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Siyo maji yote ya Elgon. Nzoia hukusanya pia kutoka Cherangani na nyanda za kati. Lakini ule udongo tuliouona ukiloweka mvua asubuhi chini ya tarakwa na huu uliokuwa ukipita mbele yetu ulikuwa wa ukoo mmoja, na tofauti kati yao ni kwamba huu umeshapoteza shamba lake. Utapita Mumias na Ugunja, na mvua zikizidi utafurika Budalang'i, ambako familia huhamia mahema na kingo za mto hubomoka, kisha utatua kwenye ziwa.

Mzee mmoja wa chama chetu, Mbukusu, alisimama kando yangu akakumbusha jambo ambalo sikutarajia kulisikia mahali pale. Katika miaka ya kutahiri, ambayo kwetu ni ile inayogawanyika kwa mbili, kijana hupelekwa mtoni alfajiri ya baridi mwezi wa Agosti na kupakwa tope kabla ya kurudi nyumbani kukabili kisu. Alisema kwamba alipokuwa kijana, tope lilichotwa chini ya maji yaliyokuwa safi, ukaweza kuuona mguu wako, na kwamba wajukuu wake wamepakwa tope la mto ambao wote ni tope. Hakulalamika. Alikuwa akieleza mabadiliko kama anavyoeleza bei ya mbolea. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikilisema darasani kila ninapofundisha mmomonyoko wa udongo, na wanafunzi hulisikiliza kuliko takwimu yoyote, kwa sababu kila mmoja wao ana kaka aliyepita mtoni.

Kwa anayetaka kuifanya safari hii, nitasema machache. Desemba hadi Februari barabara za mbuga hupitika vizuri na anga huwa wazi, ingawa kufikia Februari maji ya Makingeny huwa yamepungua. Mwanzoni mwa Desemba unapata vyote viwili. Katika miezi ya mvua kubwa msitu hupendeza mno, lakini bila gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne utakaa matopeni. Kutoka Kisumu kupitia Kakamega na Webuye ni mwendo wa saa tatu hadi nne kufika Kitale, kwa hiyo watu wa Kisumu afadhali walale Kitale ili lango liwakute asubuhi. Watu wa Nakuru nao wapite Eldoret na walale vivyo hivyo. Chukua sweta hata kama Kitale kuna joto, tochi yenye betri mpya, barakoa, sabuni, maji ya kunywa, na viatu vilivyokwisha kuzoeana na miguu. Mwongozaji mpate kupitia wenyeji wa Endebess au ofisi iliyo langoni, na mkubaliane kabla ya kuanza.

Kilele cha Koitoboss hakiwezekani kuunganishwa na mapango katika siku moja ya starehe. Kinahitaji kulala mbugani, gari la kupanda hadi mwisho wa njia kwenye nyika ya juu, kisha saa kadhaa za kutembea kati ya lobelia na seneso, mimea mikubwa ya milimani inayozidi kimo cha mtu, pamoja na askari, na mapafu yaliyo tayari kwa hewa nyembamba. Chama chetu tayari kimeanza kuweka akiba ya safari hiyo, na Mama ameshatuarifu kwamba atakuja hadi pale gari litakapoishia, atusubiri na chai.